Mama Futi na Ghorofa Ambayo Lifti Haiijui

Miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Ndiyo aliyotutumikia Mama Futi, mpangaji wetu wa nyaya za mtandao, na tarehe 30 mwezi huu anarudisha kitambulisho. Nimepewa mimi niandike kwa sababu mwenye digrii aliyeandika kwanza alijaza kurasa mbili bila kumtaja. Mimi ni mtunza funguo wa jengo hili. Shule niliishia darasa la tatu, lakini funguo mia mbili na kumi na nne nazitambua kwa kupapasa tu, na hapo hakuna digrii iliyowahi kunishinda.

Alikuja na futi ya chuma kiunoni, jina likamganda siku hiyohiyo. Alianza na nyaya za simu, zikaja za kompyuta, akamalizia na faiba, ule uzi wa kioo mwembamba kama unywele unaobeba mwanga. Faiba haina mzaha. Ukiikunja kona kali, mwanga unapotea. Ukiikata fupi, huivuti kama mpira. Kwa hiyo Mama Futi hupima kwa miguu yake, ngazi kwa ngazi, tangu chumba cha mitambo hadi juu kwa mkurugenzi. Lifti alipanda mara moja, alipovunjika kidole cha mguu, akashuka analalamika kwamba hajaona kitu.

Sasa nieleze ghorofa bubu. Kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili kuna ghorofa nzima ya mafaili. Mkurugenzi aliyepita aliamuru lifti isisimame pale, maana watumishi walikuwa wanakwenda kulala juu ya mafaili. Kitufe kikang'olewa, milango ikabandikwa namba upya, na jengo la ghorofa tisa likawa la ghorofa nane bila kubomoa hata tofali. Ufunguo nikabaki nao mimi.

Mwaka jana ukaja mpango mkubwa wa faiba, pamoja na wataalamu washauri wawili wenye viatu vya kung'aa. Walilipima jengo wakiwa ndani ya lifti: vitufe vinane, zidisha kwa kimo cha ghorofa moja, basi. Wakaagiza kebo zilizokatwa na kufungwa vichwa hukohuko kiwandani, kila ghorofa na yake, bila ziada hata ya shubiri. Mama Futi akakataa kusaini. Akaiambia kamati kuna ghorofa imesahauliwa. Kamati ikaunda kikosi cha watu watano kikaitafute. Kikaenda kwa lifti. Dakika nne baadaye kikarudi na taarifa yenye mhuri: ghorofa hiyo haipo.

"Lifti si shahidi," Mama Futi akawaambia. "Twendeni kwa ngazi."

"Mama, usitupandishe presha," mwenyekiti akamjibu, na hakuna aliyenyanyuka kitini. Jioni akapewa barua ya onyo kwa ukaidi.

Hapo ndipo palipouma. Mwenye barua ya onyo kwenye faili hapewi cheti cha utumishi mwema, na cheti hicho Mama Futi alishakitengea msumari sebuleni kwake. Mumewe ndiye aliyeniambia: umegongwa tangu mwaka juzi, tena kwa kipimo.

Kebo zikaja. Zote za kuanzia ghorofa ya pili zikapungua mita tatu na sentimita themanini. Ya mkurugenzi ikaishia ghorofa ya chini yake, kwenye stoo ya mifagio, na kwa wiki mbili kiongozi wetu alituma barua pepe akiwa amekalia ndoo. Kamati ikaandika kwamba jengo "limebainika kuwa refu kuliko ilivyotarajiwa". Kosa la jengo!

Mama Futi akaitwa. Akachora upya kwenye daftari la mistari, nikamfungulia ghorofa bubu (bila mimi asingeingia, liandikwe hilo), akalaza kebo ndefu, na kila ghorofa akaacha mizunguko mitatu ya ziada ukutani, kwa ajili ya viongozi wanaopenda kuhamahama na meza. Tangu siku ile mtandao haujakatika.

Na barua? Kuifuta kulitaka kamati ikiri kwamba ghorofa ipo. Ikagoma. Wiki iliyopita afisa utumishi akatumwa kulikagua faili la Mama Futi kabla cheti hakijasainiwa. Faili liko ghorofa bubu. Afisa akapanda lifti, akashuka, akapanda tena, mwisho akaja kwangu jasho linamtoka. Nikampa asome ile taarifa ya watu watano. Kama ghorofa haipo, nikamuuliza, faili lililomo litakuwaje na barua? Akakuna kichwa, akaandika: "Hakuna onyo lolote."

Cheti anakabidhiwa leo. Ufunguo ninao mimi na simpi mtu.

Asante, Mama Futi, kwa kila ngazi uliyoihesabu. Wote tunakutakia maisha mema na nyumba isiyo na lifti. Msumari ukilegea, niite.