Niambie Unaona Nini

Benchi letu liko nje ya duka la kufulia nguo, na wala hatukulichagua kwa uzuri wake. Mguu mmoja umekatika, umewekewa tofali. Lakini mashine za mle ndani huchukua dakika arobaini na tano, na mtu wa ugenini Jumapili asubuhi hana pengine pa kwenda na lugha yake. Kwa hiyo tunakaa. Dada Chupa, anayesafisha maofisi, huja na chupa ya kahawa, na ukichelewa utakunywa mashapo. Profesa husambaza vifurushi kwa baiskeli, na kwa kuwa amebisha hodi kila mlango wa mji huu, anaamini anajua kila kitu. Mimi wananiita Kisirani. Nimepika kantini miaka kumi na miwili, watu mia tatu kila mchana, na sijaona hata mmoja aliyeridhika na chumvi, basi jina hilo nimelikubali. Wa nne ni Rangi, fundi wa kupaka rangi nyumba, mtu mpole tunayempenda wote ingawa hatujawahi kumwambia. Jumapili hiyo alikuja uso umemshuka, akatia nguo kwenye mashine, akasahau sabuni.

— Vipi, mgeni wako ameshaondoka? nikamuuliza.

— Jana asubuhi. Na hatukuagana vizuri.

Habari za mgeni huyo tulikuwa tumezisikia mwezi mzima. Ni rafiki yake wa tangu utoto, fundi simu, na kibanda chake huko nyumbani kinatazamana na mlango wa mama yake Rangi. Alikuja kwa mafunzo ya wiki moja, akaongeza siku nne za kukaa na mwenzake. Rangi akaomba likizo, ya kwanza kwa miaka mitatu, ili amtembeze mji.

— Alikula vizuri? nikauliza, maana mimi huanzia hapo.

— Kula alikula. Shida ni matembezi. Nampeleka darajani, haliangalii daraja. Anatoa simu, ananisogezea mdomoni: "Niambie unaona nini." Namwambia, si hilo hapo mbele yako? "Nieleze lilivyo." Haya, nikaeleza. Nguzo, maji, boti, mzee anayelisha ndege. Bustanini hivyo hivyo. Jumba la makumbusho hivyo hivyo, mpaka mlinzi akatufuata kutunyamazisha.

— Alikuwa anakurekodi? akauliza Dada Chupa.

— Siku nne! Kila kona!

Profesa akaweka kikombe chini. Akiweka kikombe chini, ujue tumekwisha.

— Hiyo iko wazi, akasema. Anafungua kampuni ya kutembeza watalii. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Leo daraja, kesho bustani, mwisho kakuibia mji mzima.

— Mji si wangu, Profesa.

— Ndiyo uone walivyo wajanja.

Dada Chupa akacheka hadi kahawa ikamwagika.

— Achana naye, kaka yangu. Unatafutiwa mchumba. Wazazi wa binti wanataka kusikia sauti yako, kama una subira, kama una adabu. Picha hudanganya, sauti haidanganyi.

— Basi posa imekufa, akasema Rangi, maana nilimfokea.

— Mimi nasema alichoka miguu, nikasema. Mtu anatembezwa kama mbuzi wa mnada, anaona haya kusema amechoka, anakuuliza maswali ili msimame.

— Kisirani, wewe huna mawazo makubwa, akanijibu Profesa. Huyo ni fundi simu. Siku hizi kuna mitambo inaongea kwa sauti ya mtu. Mwakani utapigiwa simu na wewe mwenyewe, unajililia shida, na kwa upole wako huo utajionea huruma ukajitumia nauli.

Hapo hata Rangi angecheka siku nyingine. Hakucheka. Alikuwa anakwangua rangi nyeupe iliyokauka kwenye ukucha wake.

— Siku ya mwisho tulikwenda mnarani, akasema. Tiketi mkononi, tupo chini kabisa, hatujapanda hata ngazi moja. Akatoa tena simu. Jamani, nikapandwa na hasira. Nikamwambia, una macho! Panda uone mwenyewe, mimi si redio yako! Nikageuka nikaondoka. Naye hakupanda, akanifuata nyuma kimya kimya mpaka nyumbani. Jana uwanja wa ndege ameniangalia kama mtu mwenye neno kooni, akasema, "Mama yako anakusalimu." Mtu anaondoka, ndiyo anakupa salamu! Miaka thelathini tumekuwa marafiki, na nahisi nimeuvunja urafiki wote pale. Nimeshindwa hata kula. Sasa nishaurini. Nimpigie nimwombe radhi, au nisubiri?

— Usipige, akasema Profesa. Wahenga walisema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

— Maana yake nini hapo? nikamuuliza.

— Maana yake asipige.

— We Profesa nawe, ebo!

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa dada mmoja tusiyemjua, kapu la nguo miguuni, kavaa sare ya wahudumu wa nyumba ya wazee. Alikuwa amehamia mtaa huu wiki hiyo. Alitusikia tunavyobishana, akasalimia, Dada Chupa akampa kikombe, akawa anakunywa na kutusikiliza.

— Samahani, kaka, akasema sasa. Naingilia. Wewe na mama yako huwa mnaongea?

— Kila Ijumaa. Kwa sauti tu. Kuonana hatuonani tangu mwaka jana, kamera ya simu yake imeharibika.

— Na huyo rafiki yako ndiye fundi simu?

— Ndiye.

— Na kibanda chake kinatazamana na mlango wa mama?

— Hatua kumi hazifiki.

— Sasa mbona hajamtengenezea?

Profesa akakiokota kikombe chake. Ndani ya duka mashine zilikuwa zinanguruma.

Yule dada akasema polepole, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusema mambo mazito kando ya kitanda:

— Kule kazini kwangu, wazee wakianza kupotewa na macho hawataji macho. Watasema taa ni mbovu. Watasema miwani imechafuka. Watasema simu.

Rangi akatoa simu yake. Kwa haraka yake akabonyeza spika bila kukusudia, na sisi hatukuwa na adabu ya kuondoka.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, baba. Leo si Ijumaa. Kuna nini?

— Hakuna kitu. Mama... zile sauti za matembezi, umezisikia?

Tukamsikia akivuta pumzi.

— Kakwambia. Na nilimwapisha.

— Hajaniambia. Tangu lini, mama?

— Kidogo kidogo. Sasa ni giza tu, na mwanga kidogo dirishani. Ningekwambia ungeacha kazi, uje ukae kunishika mkono kama mtoto. Mimi humu ndani sipotei. Mlango naujua, jiko nalijua. Nisichokijua ni huko uliko. Miaka tisa sijui mwanangu anapita wapi. Mwenzako alipopata safari nikamwambia, nenda na mimi, mimi nitakwenda kwa masikio.

— Mama...

— Amefika leo alfajiri, mzigo hata hajautua, kaja kunisikilizisha zote. Ile ya daraja nimeirudia mara nne. Yule mzee wa ndege nimempenda. Ila ya mnara imekatika. Nasikia "Una macho!", halafu basi.

Rangi akajifunika uso kwa kiganja, akalia. Dada Chupa akamshika bega. Mimi na Profesa tukageuka kutazama mashine, kana kwamba tuna haraka na soksi.

— Nisamehe, mama.

— Nikusamehe nini? Hata mimi ningemfokea. Mtu gani anauliza swali moja siku nne? Mpigie tu, anajilaumu sana yule. Sasa niambie wewe. Ukiwa juu ya mnara huo, unaona nini?

Rangi akainua macho, akatutazama mmoja mmoja. Mnara wenyewe unaonekana kutoka pale benchini, juu ya mapaa. Dada Chupa husafisha ofisi zilizo chini yake tu. Mimi nimeupita kila asubuhi kwa miaka kumi na miwili nikiwahi vitunguu vyangu. Nikamgeukia mwenye majibu yote.

— Profesa?

— Mimi huishia mapokezi, akasema kwa sauti ndogo. Wanasaini, naondoka.

Tukatazamana. Miaka yetu yote ya ugenini ukiijumlisha pale benchini ilipita thelathini, na hakuna aliyewahi kupanda.

— Mama, akasema Rangi, sijui. Sijapanda.

— Basi siku ukipanda utaniambia.

— Leo, mama. Leo nakupandisha. Usikate simu.

— Sikati. Na hao wanaopumua hapo karibu yako waje nao. Kila mmoja anieleze anachokiona yeye.

Profesa alikuwa ameshasimama.