Mama Mchungaji Aliyejipikia Sherehe

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi, mdogo wake anayemfuata, nisome maisha ya dada yetu, na nitayasoma jinsi alivyoyaishi.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya stesheni ya reli, akiwa mtoto wa kwanza wa fundi wa mabehewa na mama aliyeshona mashuka ya hospitali. Alisoma shule ya msingi ya hapo jirani, kisha sekondari ya wasichana, na mwaka 1971 alihitimu chuo cha ualimu, akaanza kufundisha hesabu darasa la tano, kazi aliyoipenda kiasi kwamba hata likizo alitusahihishia madaftari bila kuombwa.

Tarehe 8 Desemba 1974 alifunga ndoa na mchungaji, mwanamume mpole kupita kiasi, na kabla hata maua ya harusi hayajanyauka wazee wa kanisa wakamweleza kwamba mke wa mchungaji haajiriwi, kazi yake iko katika nyumba ya kanisa. Akaacha chaki. Walijaliwa watoto watatu, wawili wa kiume na kitindamimba wa kike, na miaka yote hiyo alifua vitambaa vya meza ya Bwana, alipokea wafiwa, alilaza wageni sebuleni, wala hakuna aliyewahi kuiita hiyo kazi.

Badala yake walimwandikia mashairi. Kila mwaka, katika sikukuu ya akina mama, katibu wa kanisa, mtu mwenye sauti nzuri na haya kidogo, alisimama akamwita nguzo, taa, ua la bustani ya Bwana, waumini wakajifuta machozi, naye amekaa kiti cha mbele akiwaza sufuria lisije likaungua, maana chakula cha sherehe ya kumpongeza alikipika mwenyewe. Alituambia kwamba hicho ni kilemba cha ukoka, na kwamba katika beti zote hizo hajasikia hata mmoja unaojitolea kuosha vyombo.

Mumewe alifariki tarehe 19 Septemba 2003. Jumapili iliyofuata mazishi wazee walikuja, wakanywa chai yake, wakaomba, wakamkabidhi shairi lenye fremu ya dhahabu, kisha wakamwambia kwamba mchungaji mpya anaingia mwisho wa mwezi. Dada yetu aliomba jambo moja tu, abaki hadi Novemba, kitindamimba amalize mitihani ya sekondari. Walisema wataliombea. Makochi ya mchungaji mpya yalifika kabla ya jibu.

Akafunga virago, akapanga chumba kimoja nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma, akaajiriwa jikoni katika shule ya bweni, na mtoto alisoma katikati ya kelele za mashine hadi akafaulu, leo ni mfamasia. Ile fremu aliitilia picha ya mumewe. Shairi aliliwashia jiko, akalalamika kwamba karatasi ilikuwa nzito na haikushika moto haraka.

Aliendelea kusali katika kanisa lilelile, benchi la nyuma karibu na mlango, kwa sababu hakuwa na ugomvi na Mungu. Figo zilianza kumsumbua mwaka 2017, na tarehe 2 Juni 2021, alfajiri, alifariki akiwa ameshikwa mkono na binti yake.

Jana wazee walileta shairi jipya lisomwe hapa. Tumelipokea kwa mikono miwili, na halitasomwa, marehemu alikataza. Mama mchungaji wa sasa tungependa asikie hili, lakini hatumwoni, tumeambiwa yuko jikoni anawapikia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, majirani wa karakana waliozima mashine wakati wa mitihani, na wapishi wenzake waliomshikia zamu alipougua. Wazee wa kanisa, tunawashukuru kwa viti.

Dada, lala salama, umepata nyumba ambayo hakuna atakayekuja kukuhamisha.