Vidole vya Ephantus Ndani ya Kompyuta

Benchi letu lilipelekwa barabarani Januari ile ya vurugu za uchaguzi, 2008, kuziba njia, likarudi likiwa limeungua mguu mmoja, na sisi tukalikalia hivyo hivyo. Liko mbele ya kibanda cha redio cha Kipkirui, hapa Huruma, Eldoret, na ukikaa vibaya linakumwaga. Kipkirui tunamwita Solda kwa sababu anaamini hakuna kitu duniani kilichoharibika, ni solda tu imeachia. Wanyama ni Katiba, maana hata ukimuuliza saa anakujibu kwa kifungu cha sheria. Mulongo anauza kahawa kwa birika na kusikiliza bure. Mimi ndiye Injinia. Shule niliiacha darasa la sita, au yenyewe iliniacha, lakini hakuna chombo chenye waya mtaa huu ambacho hakijapata ushauri wangu. Jumamosi hiyo ninayoisema, mwezi wa nane 2009, Mwalimu Linet wa kwaya alikuja na kompyuta ya chekechea yake ndani ya wilbaro, akaiweka kwenye meza ya Solda, mlangoni, tukaiona sote.

Linet: Shida ni hii. Mzee Eliakim wa kanisa amesema ikifika saa kumi kama nyimbo za Ephantus hazilii, kesho kwaya itaimbia juu ya CD amenunua Nairobi.

Katiba: CD ya nani?

Linet: Ya watu hatuwajui. Anasema nyimbo za Ephantus zinakumbusha watu mambo.

Solda: Si ndiyo kazi ya wimbo?

Ephantus alikuwa mpiga kinanda wetu. Chumba chake kilichomwa na kinanda kikiwa ndani. Yeye akalala uwanja wa shoo wiki nne pamoja na wengine waliofukuzwa, halafu lori likawabeba mpaka Nakuru. Kilichobaki ni flashi yenye nyimbo saba, ambazo kile kinanda kilikuwa kinajiandikia chenyewe akipiga. Flashi alinipa mimi, mkono kwa mkono, kupitia ua wa shoo. Hadithi hiyo nimeisimulia mara nyingi, na kuna siku niliruka ua wenyewe.

Linet: Tazameni. Nafungua wimbo. Sekunde zinahesabu. Sauti hakuna.

Solda: Spika hiyo.

Linet: Spika umeipiga solda mara tatu tangu asubuhi.

Solda: Ya nne ndiyo huwa dawa.

Tukaichomoa spika tukaichomeka kwa redio. Mhubiri akatoka na nguvu zake zote mpaka kuku wa jirani wakakimbia. Spika ilikuwa nzima. Tukairudisha kwa kompyuta: kimya.

Katiba: Hii kompyuta inatumia Windows?

Linet: Linux. Ilikuja nayo, ni ya bure.

Katiba: Umejishtaki mwenyewe. Cha bure huwa hakina sauti. Angalia wananchi.

Mimi: Wewe hujui kitu. Wahenga walisema debe tupu ndilo huvuma. Hii haivumi, maana yake imejaa. Mwalimu, futa faili kama mia hivi, utaisikia.

Linet: Nifute za watoto?

Mimi: Anza na hesabu.

Katiba: Ngojeni niwaambie siri. Baada ya ile vurugu, serikali ilisema itafuatilia ujumbe wa chuki, sivyo? Sasa hii mashine imeulizwa imetoka wapi, ikasema Eldoret. Ikaulizwa wimbo ni wa lugha gani, ikasema beti moja Kinandi, moja Kibukusu, moja Kikuyu. Ungekuwa wewe ndio mashine, si ungenyamaza?

Solda: Kwani inajua lugha na hata haijaimba?

Katiba: Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Inajua.

Mulongo akatuongezea kahawa. Saa nane ilikuwa imefika. Linet alitoa kwenye kiondo chake karatasi alizochapisha saiba, kule kwa intaneti, akazisoma akifuata kwa kidole, huku sisi tukiendelea kumwokoa.

Linet: Injinia, nikibandika karatasi ya sol-fa kwa huu ukuta, ukuta utaimba?

Mimi: Inategemea ukuta.

Linet: Utaimba ama hautaimba?

Mimi: Hautaimba.

Linet: Basi ndiyo hii. Hizi faili zinaitwa MIDI. Ni karatasi ya sol-fa. Inasema bonyeza do, shikilia, achia, sasa so. Sauti yenyewe haimo hata kidogo. Tumekuwa tukipiga kelele kwa karatasi.

Katiba: Kwa hivyo Ephantus hayumo.

Linet: Vidole vyake vimo. Nguvu aliyobonyezea imo, mahali alichelewa pamo. Kinanda ndicho hakimo.

Solda: Kinanda kiliungua.

Linet: Najua kiliungua, nilikiona. Tunajenga kingine hapa ndani. Wakichoma na hiki, tutajenga cha tatu.

Hapo hakuna aliyetaka kuuliza ni kina nani hao. Kwa benchi letu swali hilo halikaliwi, kama ule mguu ulioungua.

Akatueleza, na mimi nawaeleza nyinyi kama nilivyokuwa nikijua tangu zamani. Inatakiwa programu ya kusoma ile sol-fa, jina lake FluidSynth. Halafu inatakiwa faili moja nene yenye sauti zenyewe: piano, ogani, filimbi, ngoma. Programu ni mwalimu wa kwaya, ile faili nene ndiyo waimbaji. Faili hiyo Linet aliiacha ikishuka pale saiba siku iliyotangulia kutwa nzima, kama karatasi zilivyoagiza, kabla hajajua ni ya nini. Akaviweka vyote viwili, akaandika maneno yake kwenye kile kiboksi cheusi, programu ikaamka ikamtajia waimbaji. Akafungua wimbo.

Kimya.

Solda: Sasa hiyo ni solda.

Mimi: Mwalimu, ni saa tisa na nusu. Mzee Eliakim ni mtu mzima. Na la mkubwa husikizwa, hata CD yake si mbaya.

Linet: Umeisikia?

Mimi: Bado.

Linet: Basi kunywa kahawa. Mimi nimezika watu wawili wa sauti ya tatu. Kesho sisimami mbele ya wale waliobaki nikiwaambia waimbe juu ya mkono wa mtu ambaye hata hajui Huruma iko wapi. Hizi nyimbo tulizitunga sote, kabla. Mzee Eliakim anataka tujifanye hakukuwa na kabla.

Linet akarudi kwa karatasi zake, akaandika amri fupi, na kompyuta ikaorodhesha milango yake yote ya kupokelea muziki, kila mmoja na namba. Akaisoma mara mbili. Akacheka peke yake.

Linet: Kumbe nimekuwa nikiupeleka wimbo mlango wa kumi na nne. Huo ni wa kupitia tu. Wimbo unaingia, unatoka nyuma, hakuna mtu ndani. Kinanda chetu kiko mlango mia moja ishirini na nane.

Mimi: Nilikuwa naelekea kusema hivyo.

Solda: Wewe ulikuwa unafuta hesabu.

Linet akaandika mia moja ishirini na nane, akabonyeza.

Ogani ikalia. Sitaki kutia chumvi, na mnajua nikitaka chumvi naijua ilipo. Ililia Ephantus. Ile haraka yake mwanzoni kama mtu anayeshuka ngazi, halafu kungoja kidogo kabla ya beti, kwa sababu alikuwa anatuangalia kama tumevuta pumzi. Mwaka na miezi kinanda ni majivu, na hapa mtu alikuwa akitungoja tuvute pumzi.

Kisha ikaruka noti. Tena ikaruka. Kila ilipofika mahali pamoja, shimo.

Katiba: Nilisema mimi. Inakatwa.

Solda: Nileteeni solda.

Linet: Usiguse. Hamkumbuki ile mi ya katikati? Ilikuwa imekufa kwa kinanda tangu 2006. Yeye alikuwa anaibonyeza hivyo hivyo, haisemi, na sisi tunaijaza kwa mdomo.

Akaurudisha wimbo mwanzo. Ogani ikashuka ngazi zake, ikatungoja, ikaingia, na shimo lilipofika Linet akaimba mi. Shimo la pili Solda, ambaye ni sauti ya nne na hakuwa ameimba tangu Januari ile, akaimba naye bila kuweka chini koleo. La tatu Katiba. La nne hata mimi, na jirani mwenye kuku akafungua dirisha asilalamike.

Hapo alikuwa amesimama mama mmoja kutoka Ainabkoi, Mama Priscah, aliyekuja kuchukua redio yake kwa Solda. Alingoja wimbo uishe, kwa adabu, mkoba kwapani.

Mama Priscah: Wimbo mzuri. Ni nani anapiga?

Mimi: Ni Ephantus, mama. Ila si yeye, ni vidole vyake. Mimi mwenyewe niliviokoa kwa ua wa shoo, risasi zikilia—

Solda: Injinia.

Mama Priscah: Pole. Alifariki?

Linet: Hapana, mama. Yuko Nakuru. Ni mzima.

Mama Priscah: Ana simu?

Katiba: Injinia ndiye ana namba yake. Alimwandikia pamoja na hiyo flashi.

Mama Priscah: Na kesho mnaimba nyimbo zake. Kwani mlipomwita, alikataa kuja?

Katiba akaangalia viatu vyake. Solda akaanza kukagua koleo kana kwamba limeharibika. Linet, ambaye siku nzima alikuwa na jibu la Mzee Eliakim na jibu la mashine, akaanza kukunja karatasi zake. Mimi nilikuwa na ile namba kwa simu yangu mwaka mmoja na miezi saba. Nilikuwa nimemwambia pale kwenye ua wa shoo, nitakupigia.

Mama Priscah: Nimeuliza vibaya?

Linet: Umeuliza vizuri, mama. Injinia, toa simu.

Mimi: Saa hizi? Nimwambie nini?

Linet: Mwambie kesho saa tatu. Mwambie tunamngojea avute pumzi.

Mimi: Sawa, nitampigia. Haraka haraka haina baraka. Wacha nimalize kahawa kwanza.

Mulongo, ambaye siku nzima hakuwa amesema neno, alichukua kikombe changu mkononi mwangu, akakipindua juu ya vumbi. Hakikudondosha kitu. Akalipindua na birika.

Mulongo: Iliisha saa nane, Injinia. Umekuwa ukinywa kikombe kitupu.

Nikatoa simu.