Mashine Haikulia

Asubuhi hiyo benchi la mbele ya karakana ya Welda lilijaa watu na kahawa ilikuwa ya moto, lakini mwenyewe hakugusa kikombe. Dada yake, mpishi wa tajiri mmoja, alikuwa amefukuzwa kazi jana yake kwa wizi. Pete ya mke wa tajiri ilipotea ufukweni walikokwenda kupunga upepo. Ikaletwa mashine ya kutafutia madini, ikapitishwa, haikulia. Basi mwizi ni mpishi, maana ndiye aliyebeba kikapu.

— Eti mashine haidanganyi! Welda alifoka. Kwa hiyo dada yangu ndiye mwongo?

— Ile ni ya masafa mamoja, alisema Fundi Redio. Nimeiona kwa macho yangu. Inatuma wimbi la aina moja tu. Mchanga ukilowa maji ya chumvi, inapiga kelele kila mahali, inadhani chumvi ni chuma.

— Sasa mbona ilinyamaza?

— Mwenye mashine kachoshwa na kelele, kaipunguza nguvu. Ndiyo ikawa kiziwi. Zile za masafa mengi zinalinganisha mawimbi, zinajua hii chumvi, hii pete.

— Acha hizo! alidakia mshona viatu wanayemwita Profesa. Mashine imehongwa.

— Mashine inahongwaje, wewe?

— Betri mpya! Unadhani haina tamaa? Na hizo za masafa mengi ndizo hatari kabisa, zinasikia mpaka unachowaza. Tajiri akinunua moja tu, sote jela.

Wakaangua kicheko. Welda hakucheka.

— Mtu kapakaziwa wizi, nyie mnaleta utani!

Wakanywea. Mama mmoja aliyeleta sufuria iliyotoboka, ambaye muda wote alikuwa akingoja zamu yake, akauliza:

— Samahani, kaka zangu. Kabla ya kutafuta, walifukia pete nyingine palepale wakaona kama mashine itaisikia?

Fundi Redio akamtazama Profesa. Profesa akatazama kikombe chake.

Welda akapaka kidole sabuni, akaivuta pete yake ya ndoa mpaka ikatoka.

— Sufuria yako nitaiziba bure, mama. Nakuja.

Mchana, kule ufukweni, mbele ya dada yake, tajiri na mwenye mashine, akaifukia pete hiyo kwenye mchanga uliolowa. Mashine ikapita juu yake. Ikarudi. Kimya. Tajiri akakohoa.

Dada mtu akapiga magoti, akaifukua kwa vidole, akamwinulia bosi wake usoni.

— Haya, bosi. Na hii ya kaka nimeiiba saa ngapi?