Karatasi ya Mzee Abdulnasiri

Wasikilizaji wapendwa, jana alasiri Dodoma ilimzika Mzee Abdulnasiri wa Nkuhungu, mwalimu mstaafu. Miaka sita ya mwisho ya uhai wake aliitumia kwa kazi moja: kulipiza kisasi. Silaha yake ilikuwa karatasi moja.

Mjukuu wake Khairat alikuwa mkimbiaji. Alikuwa na miaka kumi na mitano. Mwaka 1993 wafanyabiashara wa mjini walianza kutoa baiskeli na redio kwa washindi wa mbio, na kocha wa shule yake, Ludovick, akazitaka zote. Alimkimbiza Khairat hadi Ipagala na kurudi, alfajiri na jioni, siku saba za wiki. Babu alisimama mlangoni, saa mkononi, kifua mbele kwa fahari.

Kisha hedhi ya Khairat ikakoma. Miezi mitatu. Babu akamwita.

"Ni nani?"

"Hakuna, babu."

"Nimekuuliza, ni nani?"

Akapelekwa kupimwa mimba. Hakuwa na mimba. Nyumbani walichinja kuku kwa furaha. Kama si mimba, ni nini? Hilo hakuna aliyeliuliza. Kesho yake alirudi mbioni.

Yakafuata mafua yasiyokwisha na vidonda vya mdomo.

"Kocha, kifua kinauma."

Ludovick akacheka. "Kwani wewe unakimbia kwa kifua? Miguu ipo, kimbia!"

Alikimbia mbio za Bahi akiwa na homa. Alishinda. Siku ya sita baada ya mbio hizo akafariki kwa nimonia.

Mzee alimwomba daktari Elieth amwandikie sababu ya kifo. Daktari aliandika: "Mwili unaokua, ukichoshwa kila siku bila pumziko wala chakula cha kutosha, hupandisha homoni za msongo na kushusha za uzazi. Kukoma kwa hedhi kulikuwa onyo. Kinga ya mwili nayo hulegea."

Ludovick alihamia shule nyingine. Siku ya wazazi, Mzee alifika amevaa kanzu na koti.

"Shikamoo, mzee."

Mzee hakuitikia. Alimpa karatasi ya daktari. "Soma. Kwa sauti."

Akasoma. Wazazi wakawaondoa watoto wao mazoezini. Akahama, Mzee akamfuata. Shule nne, wasikilizaji, shule nne. Katika ya nne kocha alipiga magoti.

"Nimesoma mara nne, mzee wangu. Imetosha."

"Khairat naye alikwambia imetosha."

Sabiha, mdogo wake Khairat, ametusimulia: "Kila aliporudi, babu alinisimamisha mbele yake. Akaigeuza ile karatasi, akasoma alichoandika mwenyewe nyuma yake: 'Nilimuuliza swali moja tu.' Hakulia. Alinitaka nisikie."

Tunampa pole mjane, Bi Stara, na Sabiha, na jamaa wote. Mzazi unayetusikiliza, mwangalie leo anayekukimbilia medali. Amelala vya kutosha? Amekula? Muulize, kisha ungoje jibu.

Nawe Ludovick, tumesikia umepata shule ya tano. Sabiha ni mdogo kwako. Kwa desturi yeye ndiye wa kukuamkia. Amesema hatakuamkia. Siku ya wazazi atakupa karatasi, usome kwa sauti. Kisha ataigeuza, asome upande wa babu yake.