Jina Libaki: Maisha ya Shirley Wangeci, Mlezi wa Programu ya Mizani

Tunayemsindikiza leo alizaliwa Kipkelion tarehe 14 Machi 1985, kitinda mimba wa Mzee James Wachira na Mama Wanjuhi, wenye duka la pembejeo pale sokoni. Alibatizwa Shirley, lakini nyumbani alikuwa Wangeci. Akifanya utundu aliitwa Wangeci wa Wachira, tena kwa sauti, ili majirani wajue ni nani anayetafutwa.

Alisoma shule ya msingi Kipkelion, kisha sekondari ya wasichana mjini Kericho, alikomaliza mwaka 2002. Huko ndiko alikoifungua kompyuta ya maabara bila ruhusa na kuirudisha ikiwa nzima, ila skrubu moja ilibaki mkononi. Mwalimu aliyekuja kumwadhibu aliishia kumwomba aangalie na ile nyingine iliyokufa. Mwaka 2008 alihitimu shahada ya kompyuta jijini Nairobi. Mzee Wachira alichinja mbuzi wawili, mmoja wa wageni na mwingine wa majivuno.

Alirudi nyumbani kwa hiari yake, akaajiriwa na chama cha ushirika cha maziwa karibu na Silibwet. Hapo alikutana na Kipngetich, mkulima wa chai na ng'ombe, na wakafunga ndoa tarehe 15 Desemba 2012. Alijifunza Kipsigis mpaka akaweza kugombana kwa lugha hiyo, na mwaka 2014 Mungu akawajalia binti yao, Fancy.

Mwaka huohuo, yeye na Johana Kipkorir wa Chepseon, rafiki yake wa tangu chuo, walianzisha Mizani, programu ya simu inayorekodi maziwa ya kila mkulima. Waliiweka wazi mtandaoni, mtu yeyote aisome, airekebishe na aitumie bure. Watu wa kujitolea walijitokeza hata kutoka nchi ambazo Mzee Wachira alizijua kwa redio tu. Aliposikia wanaitwa wachangiaji, aliuliza harambee ni lini na mgeni rasmi ni nani.

Kila mchangiaji aliyeaminika alipewa ufunguo, yaani ruhusa ya kubadilisha programu yenyewe. Lakini watu hupata kazi, huoa, huchoka. Miaka ikapita, wengi wakanyamaza na funguo zao wakabaki nazo. Mwaka 2019 mhalifu aliiba akaunti ya mmoja wa hao walionyamaza, akajaribu kuharibu hesabu za wakulima. Wangeci alimnasa mapema. Tangu siku hiyo alijua kwamba asipofunga funguo za walio kimya, jasho la wakulima litapotea. Akizifunga vibaya, atawavunja moyo watu waliomjengea Mizani bila malipo.

Basi akaweka utaratibu. Aliyenyamaza mwaka mzima atasalimiwa. Asipojibu, atasalimiwa tena. Akizidi kunyamaza, ufunguo wake utafungwa, lakini jina lake na kazi yake vitabaki palepale. Wa kwanza kufikiwa alikuwa Johana, aliyekuwa kimya tangu babake afariki. Wenzao walimsihi Wangeci amwache, kwa kuwa ni mwanzilishi.

"Nikimwacha Johana kwa sababu ni rafiki yangu," aliwajibu, "yule wa mbali nitamwambia nini?"

Alifunga. Programu yenyewe ikatuma tangazo kwa makarani wa vyama vyote vya maziwa: "Johana Kipkorir amelala. Tunamshukuru kwa kazi yake." Wangeci alimaanisha ametulia, kama simu iliyozima kioo. Lakini nani katika nchi hii asomaye maneno hayo akafikiria simu? Kufika adhuhuri, hema na viti vilikuwa vimeshushwa Chepseon, na akina mama wa kanisa walikuwa wakiimba langoni, huku marehemu mwenyewe akitoka zizini na ndoo ya maziwa.

Wangeci aliacha kila kitu akaenda. Mama Janeffer, mamake Johana, alimpokea mlangoni.

"Wewe msichana, umeua mtoto yangu na kompyuta?"

"Pole sana, Mama. Ni neno nilikosea."

"Neno! Mimi nimelia mpaka sauti imeisha, na yeye anakamua!"

Chai ilipokuja, hasira ilipungua, na Johana akasema ya moyoni. "Niliona hizo salamu zako zote. Nikaogopa kujibu. Kila nikingoja, aibu inaongezeka."

"Ufunguo nimefunga na sirudi nyuma," Wangeci alimwambia. "Lakini jina yako siwezi gusa. Siku utataka kurudi, piga hodi tu."

Likabaki lile neno. Wangeci alipendekeza waandike "amepumzika", na Mama Janeffer akakaribia kumwaga chai. "Hiyo ndiyo mbaya kabisa! Si useme tu yuko nyumbani? Kwani hayuko?"

Ndivyo ilivyoandikwa, na ndivyo ilivyo hadi leo. Wengi waliotangazwa hivyo wamepiga hodi na kufunguliwa. Johana alirudi mwaka uliofuata. Hakuna tuzo iliyomfurahisha Wangeci kuliko hodi hiyo, na sisi ndugu zake tunajivunia kwamba hakuna aliyetoka mikononi mwake akiwa amedharauliwa.

Februari 2024 alipatikana na saratani ya tumbo. Aliikabili kwa imani na kwa mizaha, na alipoona nguvu zinamwishia, alimwita Johana kando ya kitanda. "Usinisubirie mwaka mzima," alimwambia. "Chukua ufunguo yangu sasa. Jina uache." Johana alilia, kisha akafanya alivyoambiwa. Wangeci alituaga Jumanne, tarehe 6 Mei 2025, mumewe akiwa amemshika mkono.

Amewaacha mumewe Kipngetich, binti yake Fancy, wazazi wake Mzee Wachira na Mama Wanjuhi, kaka yake Gichuki anayewasomea haya, na wachangiaji wa Mizani popote walipo.

Jana asubuhi Johana alilihamishia jina la Wangeci kwenye orodha ya walio nyumbani. Tangazo limewafikia makarani wote, na safari hii hakuna aliyekosea kulielewa: "Shirley Wangeci yuko nyumbani. Tunamshukuru kwa kazi yake."

Pumzika kwa amani, dada. Neno hilo Mama Janeffer alikukataza kwenye programu. Leo turuhusu tulitumie.