Turubai la Msikiti na Misumari ya Abdulkarimu

Siku ya tatu baada ya kimbunga kung'oa mapaa ya Mwamgongo, nilipanda boti Kigoma kwenda kumwona dada yangu, ambaye Mungu alimhifadhi. Mbele yangu waliketi Mama Marcelina, aliyepoteza paa, na Abdulkarimu, muuza vifaa vya ujenzi wa Ujiji.

"Turubai hili ni lako, mama," alisema Abdulkarimu. "Tumechanga msikitini, hulipi kitu." Mama akamshukuru mpaka akafuta macho. "Na hiyo misumari, baba?" "Misumari ni yangu, nauza." "Kwa bei mara mbili ya wiki iliyopita!" "Wiki iliyopita hakuna aliyeitaka."

Mama alitazama mawingu mlimani. "Mvua ile pale. Wanangu walale, mimi nilishikilie turubai kwa meno?" Abiria walicheka. Mimi nilisali kimoyomoyo. "Na mimi nina watoto, mama," alisema Abdulkarimu. "Wako wanalala chini ya bati!"

Boti ikagusa mchanga. Abdulkarimu akaruka majini, akajitwika turubai, akampa mama mkono ashuke. Walipanda kijijini wakibishana bei, yeye na mzigo wa mama, mama na boksi la misumari la Abdulkarimu kichwani. Nilimshukuru Mungu kwa wote wawili, ingawa kwa Abdulkarimu nilishukuru taratibu.